UZI: City Hall ya Philadelphia, jumba ambalo jiji lilishindwa hata kulibomoa

MzeeWaRamani · #1

Wakuu, kwenye ule uzi wa maghorofa marefu kuna mdau aliweka picha ya jumba la mawe meupe lenye mnara na mtu wa shaba kileleni, akauliza kama ni kanisa la Ufaransa. Nikaahidi kulifungulia uzi wake. Si kanisa na haliko Ufaransa. Ni City Hall ya Philadelphia, Marekani: ofisi ya meya, baraza la jiji na mahakama, vyote ndani ya jengo moja lenye vyumba karibu 700. Nalipita karibu kila siku ya kazi, maana treni yangu inapita chini yake.

Hoja yangu naiweka mapema ili wavivu wa kusoma waondoke nayo. Jumba hili lilipitwa na wakati kabla halijakamilika, likazomewa, likatakiwa libomolewe, na kilicholiokoa si mapenzi ya wananchi. Ni unene wa kuta zake.

Sasa tuanze na kiwanja.

Mwaka 1682 William Penn, Mwingereza aliyepewa eneo lote la Pennsylvania na mfalme, alimtumia mpimaji wake Thomas Holme kuchora ramani ya mji mpya kati ya mito miwili, Delaware na Schuylkill. Mitaa ilinyooka kama mistari ya daftari, ikaachwa viwanja vitano vya wazi: vinne pembeni na kimoja katikati, pale barabara kuu mbili zinapokutana. Hicho cha katikati kilitengwa kwa ajili ya majengo ya umma.

Tatizo ni kwamba mji haukukua alivyotaka Penn. Watu walijibana kando ya mto Delaware, karibu na bandari, na kiwanja cha katikati kikabaki porini kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1801 kikapata mtambo wa maji. Homa ya manjano ya 1793 iliua maelfu ya watu, na wakuu wa mji wakaamini kuwa maji safi ndiyo kinga. Benjamin Latrobe akajenga pale jumba la pampu za mvuke lenye kuba, zuri kweli, likichota maji ya Schuylkill na kuyasambaza mjini kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1820 likabomolewa.

Halafu mwaka 1854 mji na kaunti vikaunganishwa. Philadelphia ya Penn ilikuwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 5 tu. Ghafla ikawa jiji la zaidi ya kilomita za mraba 300, na ofisi za zamani hazikutosha hata kwa makarani. Kukawa na mpango wa kujenga ofisi mpya kuzunguka Independence Hall, jengo lilelile ambalo Azimio la Uhuru lilipitishwa mwaka 1776. Watu wakaja juu. Oktoba 1870 wananchi wakapiga kura kuchagua kati ya viwanja viwili, na kile cha katikati alichokiacha Penn kikashinda.

Bunge la jimbo likaunda Tume ya Majengo ya Umma isimamie ujenzi. Hapa mshike vizuri, maana ndiko utamu ulipo: tume hiyo ilikuwa na mamlaka ya kulitaka jiji litoze kodi kulipia kazi yake, na mjumbe akifa au akijiuzulu, wajumbe waliobaki ndio waliochagua mrithi wake. Hawakupigiwa kura na yeyote. Ikadumu hadi 1901.

Sehemu ya pili inakuja, nile kwanza.

---

Kichuguu · #2

Nimeweka kambi. Tume inayojichagua yenyewe halafu inatoza kodi, hii nayo mbona kama naifahamu.

---

FundiMkuu_Temeke · #3

Mkuu tiririka. Nina swali kabisa: umesema limepitwa na wakati kabla ya kukamilika. Walijenga miaka mingapi?

---

MzeeWaRamani · #4

Miaka 30. Walianza kuchimba tarehe 10 Agosti 1871, jiwe la msingi likawekwa tarehe 4 Julai 1874, kazi ikahesabiwa kuisha mwaka 1901.

Msanifu wake aliitwa John McArthur, mzaliwa wa Scotland. Mshauri wake alikuwa Thomas U. Walter, yule aliyesanifu kuba la bunge la Marekani kule Washington, ambaye uzeeni alikuwa amefilisika na akafurahi kupata kazi. Wote wawili walikufa kabla jumba halijaisha: Walter mwaka 1887, McArthur mwaka 1890. Akalimalizia mwingine, W. Bleddyn Powell.

Mtindo waliouchagua unaitwa wa Dola ya Pili, yaani dola ya Napoleon III wa Ufaransa. Ukiwahi kuona picha ya jumba la Louvre pale Paris, yale mapaa marefu yenye mteremko mkali na vidirisha vinavyochungulia kutoka ndani ya paa, nguzo mbilimbili, kila pembe imechomoza, hakuna ukuta ulioachwa mtupu, basi ndio huo. Miaka ya 1860 kila mji wa Marekani uliotaka kuonekana umestaarabika uliuiga.

Ila angalieni tarehe. Dola yenyewe ya Napoleon III ilianguka Septemba 1870, alipotekwa na Waprusia vitani. Yaani Philadelphia walianza kuchimba msingi wa jumba la mtindo wa dola hiyo karibu mwaka mzima baada ya dola kuzikwa. Miaka 30 baadaye wanakabidhi jengo, wasanifu vijana wanaliangalia kama mtu aliyekuja harusini na suti ya babu yake.

Na lilikuwa likimbizana na urefu pia. McArthur alilichora liwe jengo refu kuliko yote duniani, mita 167. Kabla mnara haujafika juu, Washington wakamaliza nguzo yao ya ukumbusho mwaka 1884, mita 169. Mwaka 1889 Paris wakasimamisha mnara wa Eiffel, mita 300. Likabaki na cheo kimoja: jengo refu kuliko yote ambalo watu wanafanyia kazi ndani. Cheo hicho walikishika tangu 1894 hadi 1908.

---

FundiMkuu_Temeke · #5

Na wakati huo Chicago walishaanza kujenga kwa fremu ya chuma. Jengo la Home Insurance lilisimama mwaka 1885. Hawa wa Philadelphia walikuwa wanatumia nini?

---

MzeeWaRamani · #6

Fundi, umenigusa penyewe. Hakuna fremu ya chuma. Ni matofali na mawe, ukuta unabeba ukuta. Matofali milioni 88. Nje wakayavika mawe: chini granaiti, juu marumaru nyeupe kutoka Lee, Massachusetts. Chini ya mnara unene wa ukuta unafika mita 6.7.

Rudia kusoma. Si urefu, ni unene. Ukuta mmoja, mita 6.7.

---

FundiMkuu_Temeke · #7

Ngoja niwaeleze wasio wa fani. Nyumba zetu za sasa ni nguzo na mihimili, ndiyo inayobeba mzigo. Tofali linaziba uwazi tu, unaweza kulitoa na ghorofa ikabaki imesimama. Enzi zile hapana. Tofali la chini kabisa limebeba kila kitu kilicho juu yake: sakafu, paa, watu, makabati ya mafaili, upepo unaousukuma mnara. Kila unavyotaka kwenda juu lazima unenepeshe chini, na ukinenepesha chini umeongeza uzito kwenye msingi, kwa hiyo unapanua na msingi. Mwisho wake unakuta unajenga ukuta kuliko vyumba. Chicago wana jengo moja, Monadnock, la 1891, ghorofa 16 za tofali, kuta za chini karibu mita 2, na hilo wenyewe waliliona ndio ukomo wa akili. Mita 6.7 ni ngome sasa.

Na hili la kuta kubeba ndilo linafanya ubomoaji wake uwe balaa. Fremu ya chuma unaifungua kipande kwa kipande unauza skrepa. Ukuta kama huu huwezi kuufungua. Ni nyundo na miaka.

---

MzeeWaRamani · #8

Umeniibia hitimisho fundi, ila sawa 😂 nitalifikia.

---

BintiWaMkunazini · #9

Kaka, nimekuza ile picha. Mnara chini ni mawe lakini kuanzia kwenye saa kwenda juu rangi inabadilika kidogo. Au macho yangu?

---

MzeeWaRamani · #10

Macho yako mazima dada. Ukuta wa mawe unaishia mita 100 na kitu hivi. Kutoka hapo kwenda juu ni chuma kilichofinyangwa kifanane na jiwe. Wangeendelea na mawe hadi juu, msingi usingehimili. Kwa hiyo fundi, nimekudanganya kidogo: chuma kimo, ila kimewekwa kofiani, sio kwenye mifupa.

Saa zenyewe ziko nne, moja kila upande, upana wa kila uso karibu mita 8. Zinaipita Big Ben ya London kwa karibu mita nzima. Zilianza kwenda usiku wa mwaka mpya wa 1899. Kukawa na desturi moja naipenda sana: kila jioni saa tatu kasoro dakika tatu taa za mnara zinazimwa, saa tatu kamili zinawaka tena. Aliyekuwa mbali asiweze kuona mishale, alisubiri taa ziwake akaweka saa yake sawa. Jiji zima linarekebishiwa saa na swichi moja.

Sasa twende kileleni.

Yule mtu wa shaba ni William Penn mwenyewe. Mita 11 na ushee kutoka viatu hadi kofia, tani 24, aliyeyushwa vipande 14 vikaunganishwa. Pua yake inakaribia nusu mita. Kabla ya kupandishwa alisimamishwa uani, ndani ya jumba, watu wakawa wanapita kumwangalia na kupiga naye picha kwenye vidole vya miguu. Novemba 1894 wakampandisha kwa vipande. Hadi leo hakuna sanamu kubwa kuliko hiyo juu ya jengo lolote duniani.

Aliyemchonga ni Alexander Milne Calder, mtoto wa mchonga mawe ya makaburi wa Aberdeen, Scotland. Na hakuchonga Penn tu. Jumba zima lina sanamu zaidi ya 250 na karibu zote zilipitia mikononi mwake: watu, tai, simba, tembo, mabara ya dunia, Wahindi Wekundu wa Lenape na walowezi wa Uswidi waliofika kabla ya Penn. Kwenye lango la kusini ukitulia unaona paka anamvizia panya. Hakuna maelezo yoyote pale, kakaa zake tu kwenye jiwe.

Calder alikufa na donge moyoni. Alimchora Penn atazame kusini, jua limpige usoni mchana kutwa. Baada ya McArthur kufa, wakamgeuza kaskazini mashariki, kuelekea kule mtoni ambako inasimuliwa Penn alifunga mkataba wa amani na Walenape. Ina maana yake, sikatai. Lakini matokeo yake uso wa mzee uko kivulini karibu siku nzima, na picha nyingi mnazoziona za Penn ni kiwiliwili cheusi chenye kofia.

Mtoto wa Calder naye akawa mchongaji, na mjukuu vilevile, yule aliyepata umaarufu kwa sanamu zinazoning'inia na kuzunguka na upepo. Ukisimama kwenye barabara ya Benjamin Franklin Parkway unazipata kazi za vizazi vyote vitatu kwenye mstari mmoja: Penn wa babu nyuma yako, chemchemi ya Logan Circle ya baba katikati, na ya mjukuu inaning'inia ndani ya jumba la makumbusho ya sanaa mbele.

---

MwanaKaimosi · #11

Hodi humu. Huyu Penn si ndiye alikuwa Quaker? Sisi watu wa magharibi mwa Kenya kanisa la Friends ndilo limetulea. Wamishonari Waamerika walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Sasa ninavyojua mimi Friends hawapendi mapambo. Nyumba ya ibada ya kawaida, hakuna sanamu, hakuna msalaba wa dhahabu. Wazee wa zamani hata picha ukutani walikuwa wanaiuliza maswali. Huyu ndugu amefikaje juu ya jumba la namna hiyo?

---

MzeeWaRamani · #12

Ndugu yangu wa Kaimosi, karibu sana. Hilo ndilo swali ambalo Philadelphia hawajawahi kulijibu vizuri.

Ndiyo, alikuwa Quaker, alifungwa gerezani Uingereza kwa ajili ya imani hiyo. Alitaka mji wa nyumba zilizoachana, kila moja na bustani yake, usije ukaungua kama London ilivyoungua mwaka 1666. Mtu wa kujinyima na kunyamaza ibadani. Wakaja kumpandisha juu ya jumba lililojaa sanamu 250 na nguzo za granaiti zilizong'arishwa, tena kwa shaba ya tani 24. Nadhani angeshuka mwenyewe kwa ngazi.

Lakini nikupe kitu kimoja ambacho Waquaker waliacha ndani ya jumba hilohilo. Leseni za ndoa za jiji zinatolewa pale. Na kwa kuwa Friends hawana mchungaji wa kufungisha ndoa, maharusi wanasimama mbele ya mkutano wakajifungia wenyewe, sheria ya Pennsylvania inatambua leseni ya kujifungisha: nyinyi wawili na mashahidi wawili, basi. Siku hizi mtu yeyote anaweza kuiomba, awe Quaker asiwe. Jamaa yangu mmoja kutoka Moshi alioa kwa leseni hiyo. Mama yake hadi leo anauliza ndoa ilifungwa na nani.

---

MwanaKaimosi · #13

Hapo sawa. Mwambie mama kule kwetu imefungwa hivyo tangu zamani na watoto wamezaliwa.

---

Mkaguzi_Mstaafu · #14

Mimi nasoma kimya ila mnalisifia sana. Zimetumika dola ngapi? Na nani alikula?

---

MzeeWaRamani · #15

Zaidi ya dola milioni 24, za wakati ule, mkaguzi. Ile tume niliyosema haikuwa na wa kuihoji. Kadiri ujenzi ulivyovuta ndivyo mikataba ya mawe, ya usafirishaji na ya vibarua ilivyoendelea, na wanasiasa wa chama tawala cha jiji walikuwa na njia zao ndani ya mikataba hiyo. Mnara wenyewe ukaja kuwa alama ya ulaji.

Na kuna jambo jingine la mwaka 1871 siwezi kuliruka. Kuchimba kulianza tarehe 10 Agosti. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 10 Oktoba, ilikuwa siku ya uchaguzi wa jiji. Wanaume weusi walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwaka mmoja tu kabla, kwa marekebisho ya 15 ya katiba. Wahuni wakaingia mitaani kuwazuia. Octavius Catto, mwalimu wa miaka 32, mchezaji wa besiboli, kijana aliyeongoza mapambano ya kuondoa ubaguzi kwenye magari ya abiria yanayovutwa na farasi hadi sheria ikapita mwaka 1867, alipigwa risasi barabarani karibu na kwake, mtaa wa South. Akafa palepale. Aliyeshtakiwa kwa mauaji yake akaachiwa huru.

Jumba likapanda miaka 30 na sanamu zake zote 250, Catto hakuwemo. Ilibidi ifike Septemba 2017 ndipo akawekwa upande wa kusini wa City Hall, kazi ya Branly Cadet. Anatembea, mikono ameitandaza kidogo, mbele yake kuna sanduku la kura. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa sanamu yake mwenyewe kwenye ardhi ya jiji la Philadelphia. Huyo hayuko juu ya mnara. Yuko usawa wa watu wanaotoka stesheni, na koti lake unaligusa ukitaka.

---

Mkaguzi_Mstaafu · #16

Ahsante kwa hilo la Catto. Sikulijua. La dola milioni 24 bado nina hasira nalo.

---

BintiWaMkunazini · #17

Na ubomoaji? Ulituahidi.

---

MzeeWaRamani · #18

Ndiyo. Limekamilika 1901, na halikumaliza hata kizazi kimoja kabla watu hawajaanza kutaka liondoke. Magari yalikuwa yamekuja, na jumba limekaa katikati ya makutano ya Broad Street na Market Street, barabara mbili kuu za jiji. Gari likitoka kusini linalikuta mbele kama ukuta, linalizunguka, linaendelea. Msanifu Paul Cret alitoa wazo la kubomoa jumba lote na kuacha mnara peke yake, magari yauzunguke. Wazo hilo halikufa. Lilikuwa likirudi kila walipokuja wapangaji miji wapya.

Halafu reli. Treni ya chini ya ardhi ya Broad Street, iliyofunguliwa mwaka 1928, ilibidi ipite chini ya jumba lenyewe. Hebu fundi fikiria: jumba zito kuliko yote uliyowahi kusikia, limekalia msingi wake, na wewe unaambiwa uchimbe chini yake, uondoe sehemu za msingi, uweke mpya, na huko juu mahakama zinaendelea na kesi. Walifanya. Ndiyo treni ninayopanda mimi.

Miaka ya 1950 baraza la jiji likalifikiria rasmi: tubomoe, tujenge ofisi za kisasa kwingine. Moshi wa makaa ulikuwa umeifanya marumaru kuwa nyeusi, mapaa yanavuja, sanamu zimejaa kinyesi cha njiwa. Wakapiga hesabu ya kubomoa. Wakakuta kazi hiyo ingelifilisi jiji. Zile kuta ambazo fundi amezieleza kwenye #7 ndizo zilizofunga mjadala. Mwaka 1957 chama cha wasanifu wa Marekani nacho kikatoa tamko la kulitetea, na mwaka 1976 likatangazwa alama ya taifa ya kihistoria.

Linganisheni na hili. Jengo lililolipokonya cheo cha urefu mwaka 1908 ni Singer Building la New York, mita 187, fremu ya chuma, kazi safi. Lilianza kubomolewa mwaka 1967. Mwenye kiwanja alitaka nafasi, akalifungua kama kabati.

---

FundiMkuu_Temeke · #19

Si nilisema. Skrepa.

---

Kichuguu · #20

Mkuu umeruka laana ya kofia. Sisi wa michezo ndiyo tuliyoisubiri.

---

MzeeWaRamani · #21

Haya, kwa ufupi, maana mimi siyo mtu wa laana.

Kwa miongo mingi hakuna aliyejenga Philadelphia jengo linalozidi kofia ya Penn. Haikuwa sheria. Yalikuwa makubaliano ya mdomo, na wapangaji wa jiji waliyatumia kuwarudisha nyuma wenye pesa. Mwaka 1987 mwekezaji Willard Rouse akasimamisha One Liberty Place, iliyosanifiwa na Helmut Jahn, mita 288. Kofia ikapitwa kwa zaidi ya mita 120.

Timu za jiji zilikuwa zimechukua ubingwa mara ya mwisho mwaka 1983, kwa mpira wa kikapu. Baada ya 1987, hakuna kitu. Besiboli, kandanda yao, magongo ya barafuni, wanafika fainali wanaanguka. Watu wakasema mzee amekasirika. Juni 2007 mafundi waliokuwa wakimalizia jengo la Comcast Center, lililokuwa refu kuliko yote jijini, wakagundisha kasanamu kadogo ka Penn kwenye boriti ya juu kabisa, ili awe juu tena. Oktoba 2008 timu ya besiboli ya Phillies ikawa bingwa. Kampuni ya Comcast ikajenga jengo la pili refu zaidi, mafundi wakapandisha kasanamu kengine mwishoni mwa 2017, Februari 2018 Eagles, timu ya kandanda ya Kimarekani, wakachukua ubingwa wao.

Mimi nasema Eagles walikuwa na timu nzuri. Lakini mafundi hawa sitabishana nao.

Kinachonisikitisha ni upande wa mandhari. Kabla ya 1987 ukija kwa treni au gari kutoka popote, kitu cha kwanza kuona ni Penn. Sasa upande wa magharibi amezibwa na vioo, unamchungulia kati ya majengo. Upande pekee anaobaki mkubwa ni ukimwangalia kutoka Broad Street, kusini au kaskazini, maana barabara imenyooka na hakuna wa kujenga katikati yake. Ile ramani ya Holme ya 1682 bado inamlinda.

---

BintiWaMkunazini · #22

Nina safari ya huko mwezi wa kumi, namtembelea dada. Mtu anaingia tu au lazima uwe na shughuli ya ofisi?

---

MzeeWaRamani · #23

Uani unaingia bure, ni njia ya watu. Kuna malango makubwa kila upande, wafanyakazi wanakatiza humo kwenda stesheni. Pitia lango la kaskazini, lililo chini ya mnara, utembee taratibu. Hapo ndipo unapouona unene: unatembea hatua baada ya hatua na bado uko ndani ya ukuta. Kisha tafuta ngazi za pembeni, za granaiti, zinapanda zikizunguka uwazi bila nguzo katikati, kila kipandio kimeshikwa na ukuta upande mmoja tu.

Mnarani ni kwa tiketi, na lifti ya mwisho ni ndogo sana, inabeba watu wachache kwa zamu, kwa hiyo usiende dakika za mwisho. Roshani iko chini ya miguu ya Penn. Kama unaogopa urefu, mwachie dada apande wewe ubaki na yule paka wa lango la kusini.

---

BintiWaMkunazini · #24

Nitapanda. Paka tunao Mkunazini.

---

FundiMkuu_Temeke · #25

Mzee, fungua na uzi wa Singer Building basi, nataka kujua walilibomoaje lote katikati ya New York bila kuua mtu barabarani.

---

MzeeWaRamani · #26

Huo ufungue wewe fundi, uko ndani ya fani yako. Mimi nitakuja kuweka kambi.